MCHEZO WA TENISI MJINI NAIROBI: JINSI YA KUUELEWA NA KUUFURAHIA

Katika michezo iliyoingia Kenya pamoja na reli, tenisi ndio ambao watu wengi wa Nairobi wameusikia kwa masikio kuliko kuuona kwa macho. Mtu apitaye kando ya ukuta wa klabu, tangu Upper Hill hata Parklands na Karen, husikia mlio wa mpira ukipigwa huku na huku, na sauti ya mtu akitaja hesabu isiyoeleweka. Kisha huenda zake akidhani ya kuwa mchezo ule ni wa wenye mali, wala yeye haumhusu.

Dhana hiyo ina sababu zake, na sababu hizo tutazitaja. Lakini yafaa ijulikane kwamba tenisi ni mchezo ambao mtu wa kawaida aweza kuucheza na kuufuata kwa furaha nyingi, akishajua mambo machache. Makala haya yaeleza mambo hayo: hesabu ya mchezo, namna hewa na udongo wa Nairobi unavyougeuza, adabu yake, na njia ya kuuanza kwa yule asiye na fedha nyingi.

ASILI YAKE HAPA KWETU

Tenisi ya siku hizi ilianza Uingereza katika miaka ya 1870, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877. Nairobi yenyewe ilianza kuwa kambi ya reli mwaka 1899. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1901, Nairobi Club iliundwa. Parklands Sports Club ikafuata mwaka 1906, na Karen Country Club mwaka 1937. Mahali Wazungu walipojenga klabu, viwanja vya tenisi havikukosekana.

Lakini klabu hizo kubwa zilikuwa na lango, na langoni palikuwa na sheria ya rangi. Katika siku za ukoloni Mwafrika hakuingia kuwa mwanachama, wala Mwasia. Wahindi na Wagoa walijenga klabu zao wenyewe na kuchezea huko. Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: kupeleka chai, kuvuta rola juu ya kiwanja, na kuokota mipira. Ilipofika mwaka 1946 ndipo ilipoundwa United Kenya Club, klabu ya kwanza mjini ambamo watu wa rangi zote waliweza kuketi meza moja.

Sheria ya rangi iliondoka. Hata hivyo lango halikuondoka lote, kwa kuwa ada ya uanachama, bei ya raketi na bei ya mipira ni lango la namna nyingine. Basi swali lililobaki kwa kila apendaye mchezo huu ni hili: ni nani atakayekaribia kiwanja, na ataingia kwa njia gani? Tutalirudia baada ya kueleza mchezo wenyewe.

HESABU YA MCHEZO

Watu wengi huacha kutazama tenisi kwa sababu ya hesabu yake. Kwa kweli si ngumu, ila ni ngeni. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77. Upana wake ni mita 8.23 wachezapo wawili, na mita 10.97 wachezapo wanne, wawili kila upande. Wavu hukikata katikati, nao kimo chake pale katikati ni sentimita 91.4.

Mchezaji mmoja huanzisha mpira akiwa nyuma ya mstari wa mwisho, akiupiga kwa mshazari uangukie katika kisanduku cha upande wa pili. Hupewa nafasi mbili; akikosa zote mbili, pointi ni ya mwenzake. Mpira ukishaanzishwa, kila mmoja hana budi kuurudisha kabla haujadunda mara mbili upande wake.

Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Wachezaji wakilingana 40 kwa 40, mmoja sharti apate pointi mbili mfululizo ndipo ashinde gemu ile. Pointi ya kwanza humpa faida. Akipoteza ya pili, faida hufutika, wakarudi pale pale penye usawa. Yaweza kwenda hivyo mara kumi. Mwenye kufikisha gemu 6, akimpita mwenzake kwa 2, amepata seti. Wakifika 6 kwa 6, huchezwa gemu ya kukata shauri, ambayo mshindi wake ni mwenye kufikisha pointi 7 kwa tofauti ya 2. Mechi za kawaida hushindwa kwa seti mbili. Katika mashindano makuu manne ya dunia wanaume huhitaji seti tatu.

Hesabu hii ina hekima ndani yake. Katika mpira wa miguu, timu iliyofungwa mabao matano huweza kukata tamaa kabla ya filimbi ya mwisho. Katika tenisi hakuna saa inayomfukuza mtu, na kila gemu mpya huanza kwa sifuri. Aliyeshindwa seti nzima huanza seti ya pili akiwa sawa na mwenzake. Tena si kila pointi ina uzito sawa. Katika fainali ya wanaume ya Wimbledon mwaka 2019, Roger Federer alipata pointi 218 na Novak Djokovic alipata 204. Lakini Djokovic ndiye aliyeondoka na kombe, kwa sababu seti tatu zilizoishia katika gemu ya kukata shauri zote alizichukua yeye.

Basi atazamaye asihesabu mapigo mazuri tu. Na aangalie ni nani anayeanzisha mpira, kwa maana mwanzishaji ndiye atazamiwaye kushinda gemu yake. Hesabu ikiwa 30 kwa 30, au mwanzishaji akiwa amerudi nyuma, hapo ndipo mechi hugeuka. Mtu akishalijua hili, gemu moja ya dakika sita yaweza kumshika asiweze kuketi.

HEWA NA UDONGO WA NAIROBI

Tenisi ya Nairobi si sawa na tenisi ya Mombasa, ingawa sheria ni zile zile. Sababu ni kimo cha nchi. Katikati ya mji pako juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na upande wa magharibi, kuelekea Dagoretti na Karen, ardhi hupanda hata kukaribia mita 1,800. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hiyo mpira husafiri upesi na kwenda mbali zaidi. Kadhalika mpira uliotiwa hewa kiwandani hukutana na hewa ya nje yenye mkandamizo mdogo. Hapo huwa mgumu zaidi na hudunda juu. Mchezaji wa pwani afikapo Nairobi hujikuta akipiga mipira nje ya mstari, akaishutumu raketi yake, kumbe ni hewa.

Jambo hili limo hata katika sheria za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa. Mpira wa kawaida hupimwa kwa kudondoshwa toka kimo cha sentimita 254, nao sharti udunde kadiri ilivyowekwa. Lakini kwa mahali palipo juu ya mita 1,219 sheria huruhusu mipira ya namna nyingine. Mmojawapo ni ule unaodunda kidogo kuliko wa kawaida. Mwingine hauna mkandamizo wa ziada ndani yake, nao sharti uwe umekaa muda wa siku 60 au zaidi katika kimo kile kile utakakochezewa, ili uizoee hewa ya hapo.

Wanaofuata mashindano ya dunia wamepata kusikia wachezaji wakisema kwamba mpira hukimbia mno mjini Madrid. Madrid iko kwenye mita 650 hivi tu. Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mchezaji wa Nairobi hujifunza kukaza nyuzi za raketi, kufupisha mkono, na kuupiga mpira kwa kuuzungusha ili ushuke ndani ya mistari.

Udongo nao hufanya kazi yake. Viwanja vingi vya klabu za zamani ni vya udongo mwekundu. Udongo huupunguza mpira mwendo unapodunda na kuuinua juu, basi pointi huwa ndefu na anayekimbia vizuri hupata malipo yake. Hewa yaharakisha na udongo wachelewesha. Mchezaji wa hapa hulelewa na walezi wawili wasiopatana, na mwenye kuwaweza wote wawili amepata elimu kubwa.

Kiwanja cha udongo chahitaji utunzaji kama shamba. Hunyunyiziwa maji, hubanwa kwa rola, na mistari yake hufagiliwa. Mvua za masika zikinyesha kwa nguvu, kati ya Machi na Mei, kiwanja hufungwa mpaka kikauke, kwa kuwa kukikanyaga kikiwa tope ni kukiharibu. Mwezi wa Julai, baridi na mawingu yanapotanda, mpira huwa mzito na mchezo huenda polepole. Jua la mchana ni kali mno hapa karibu na ikweta. Saa njema ni asubuhi kabla ya saa nne, na jioni baada ya saa kumi. Msomaji ataona tena ya kuwa viwanja vingi huelekezwa kaskazini na kusini. Hilo halikufanywa kwa bahati. Ni ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji machoni.

UAMINIFU KIWANJANI

Katika michezo mingi mwamuzi husimama kati ya wachezaji. Katika tenisi ya kawaida, ile ichezwayo na wewe na mimi Jumamosi asubuhi, mwamuzi hayupo. Kila mmoja huamua mipira iangukayo upande wake. Mpira uliogusa mstari, hata kwa ukingo wake, ni mzuri. Na ukiwa na shaka, yaani hukuona sawasawa, sheria ya waungwana ni moja: shaka ni haki ya mwenzako, nawe huna budi kusema mpira ulikuwa ndani.

Wako wasemao ya kuwa hili ni jambo dogo. Lakini mtu hupimwa hapo. Pointi ni ya mwisho, umechoka, mpira umeanguka karibu na mstari, na hakuna aliyeona ila wewe. Kwenye udongo alama hubaki, na mwenzako aweza kuja kuitazama. Kwenye saruji haibaki kitu ila neno lako. Mchezaji adanganyaye hupata pointi, kisha hukosa mtu wa kucheza naye, kwani habari hizo huenea upesi.

Watazamaji nao wana adabu yao. Mpira ukiwa hewani ni kimya. Pointi ikiisha ni makofi. Mtu haingii wala hatoki mpaka wachezaji wanapobadilishana pande. Wala hashangilii kosa la yule asiyemtaka, bali hushangilia pigo jema, la yeyote liwalo.

WALIOKAA KARIBU NA KIWANJA

Sasa turudie swali la lango. Historia ya mchezo huu yatufundisha kwamba mabingwa kadhaa wasio na mali walitoka mahali pamoja: walikaa karibu na kiwanja, na mtu mmoja akawaruhusu kuingia.

Arthur Ashe wa Marekani alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Richmond, ambako watu weusi walitengwa. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya michezo ya watu weusi, na nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani hiyo, hatua chache toka viwanja vya tenisi. Mtoto yule alishika raketi, na mwaka 1975 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Miaka minne kabla ya ushindi huo, mwaka 1971, Ashe alifika Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto aitwaye Yannick Noah akicheza. Hakunyamaza, alipeleka habari Ufaransa, mtoto akachukuliwa kwenda kufundishwa. Mwaka 1983 Noah alishinda mashindano makuu ya Paris.

Kwetu Kenya Paul Wekesa, mzaliwa wa Nairobi, alifika hadi nafasi ya 100 duniani katika miaka ya 1990, tena alishinda mataji matatu ya wachezao wawili wawili katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Alionyesha ya kuwa hewa ya Nairobi yaweza kumlea mchezaji wa dunia.

Kisha akaja Angella Okutoyi. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao akafariki katika uzazi, wakalelewa na nyanya yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja mjini Nairobi. Angella alishika raketi akiwa na umri wa miaka minne. Januari 2022 alifika duru ya tatu ya mashindano ya wasichana ya Australia, jambo ambalo hakuna msichana wa Kenya aliyekuwa amelifikia. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji katika mashindano makuu manne kabla yake.

Msomaji aliyeshika somo la hesabu hapo juu na aitazame hesabu ya fainali hiyo: 3 kwa 6, 6 kwa 4, na 11 kwa 9. Yaani walishindwa seti ya kwanza, wakashinda ya pili. Badala ya seti ya tatu palichezwa gemu ndefu ya kukata shauri, ya pointi 10, nayo haikuisha kwa 10 bali kwa 11, kwa kuwa sharti tofauti iwe 2. Tarakimu sita tu, na ndani yake mna hadithi nzima ya wasichana wawili waliokuwa nyuma wasikate tamaa. Machi 2024, huko Accra, Okutoyi aliongeza medali ya dhahabu ya mchezo wa mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika.

Nyuma ya majina haya wako wengine wengi wasioandikwa magazetini: vijana waliookota mipira klabuni, wakajifunza kwa kutazama, wakachezea raketi kuukuu jioni wanachama walipokwisha kuondoka, na leo ni walimu wa mchezo wenyewe. Mwalimu wa namna hiyo alijua kusoma mwendo wa mpira kabla hajaruhusiwa kuupiga.

JINSI YA KUANZA

La kwanza, tazama. Nairobi Club, iliyo Upper Hill kando ya Ngong Road, imewahi kupokea mashindano ya nchi nyingi. Juni 2023 timu za wanawake za Afrika zilishindana hapo katika kundi la tatu la Billie Jean King Cup. Mashindano yakitangazwa, uliza langoni kama watazamaji huruhusiwa. Watu wengi hawaingii kwa sababu hawakuuliza.

La pili, tafuta ukuta. Chora kwa chokaa mstari wenye kimo cha wavu, sentimita 91, usimame hatua kumi nyuma, upige. Ukuta haukosi kazini, wala haudai ada, wala haupotezi mpira. Raketi ya mkono wa pili yatosha, na mipira ambayo klabu imekwisha kuichoka yafaa sana kwa kazi hii.

La tatu ni kwa walimu na wazazi. Mtoto mdogo asipewe mpira wa wakubwa, ambao humruka kichwani, hasa katika kimo hiki. Iko mipira maalumu iendayo polepole: mwekundu hupunguza mwendo kwa asilimia 75 hivi, wa rangi ya chungwa kwa 50, na wa kijani kwa 25. Tangu mwaka 2012 sheria za kimataifa zataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira hiyo. Kiwanja cha mpira mwekundu kina urefu wa mita 11 hivi tu. Kamba iliyofungwa kati ya miti miwili na mistari ya chokaa katika uwanja wa shule vyatosha, na kiwanja kimoja cha wakubwa chaweza kugawanywa kwa upana kikawatosha watoto wengi kwa mara moja.

La nne ni kwa wenye viwanja. Mjini mwetu, kuanzia katikati hata vitongoji vya Kilimani, Lavington na Karen, viko viwanja vya shule na vya klabu vikaavyo vitupu saa nyingi za siku za kazi. Kiwanja kitupu hakimpunguzii mtu kitu akimwachia mtoto wa mtumishi, au wa jirani, apige mpira saa mbili kwa juma. Gharama yake ni ndogo. Na kama tulivyoona, aliyekuwa karibu na kiwanja akaruhusiwa kuingia, mara nyingine alirudi na kombe.

Si lazima kila mtoto awe Okutoyi. Wengi wetu tutabaki wachezaji wa Jumamosi, wenye mkono wa nyuma mbovu na magoti yanayolia. Lakini naye mchezaji wa Jumamosi hupata afya, marafiki, na mazoezi ya kusema kweli pasipokuwa na mwamuzi. Na yule apitaye kando ya ukuta jioni, akisikia sauti ikisema 30 kwa 40, sasa ajua maana yake: mwanzishaji yuko hatarini, na pointi ifuatayo yaweza kumnyang'anya gemu. Asimame kidogo asikilize.